Jinsi ya Kujiandaa Kustaafu: Mwongozo kwa Mtumishi Aliyebakiza Miaka Mitano

Watumishi wanaokaribia kustaafu huuliza maswali yale yale kila mwaka: mkupuo wangu (fedha inayolipwa mara moja mtu anapostaafu) utakuwa shilingi ngapi, nifungue biashara gani, nirudi kijijini au nibaki mjini, na kwa nini aliyestaafu mwaka juzi alipata zaidi yangu. Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa hatua za kufuata. Umeandikwa kwa ajili ya mwajiriwa wa Tanzania Bara, awe mtumishi wa umma aliye katika Mfuko wa PSSSF au mwajiriwa wa sekta binafsi aliye NSSF. Msomaji wa Zanzibar ana mfuko wake, ZSSF, wenye kanuni zake za mafao. Kwake hatua zinazohusu bajeti, makazi na familia zinafaa kama zilivyo, lakini hesabu za kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, hazimhusu.

Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba maisha ya uzeeni yapangwe kwa pensheni ya kila mwezi, na mkupuo uchukuliwe kuwa fedha ya kuilinda pensheni hiyo. Wengi hufanya kinyume: huweka mipango yote kwenye mkupuo na kuiona pensheni kuwa nyongeza ndogo, kisha mwaka wa tatu hugundua kwamba hiyo nyongeza ndogo ndiyo iliyobaki.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Tafuta jalada moja gumu na uweke humo nakala za barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa cheo (hasa ya mwisho), barua za uhamisho, slipu za mshahara, kitambulisho cha Taifa cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na taarifa za akaunti ya benki. Ongeza taarifa ya michango yako kutoka kwenye Mfuko, orodha ya madeni yote pamoja na tarehe yatakapokwisha, na daftari la matumizi ya nyumbani. Daftari ndilo hukosekana katika nyumba nyingi, ingawa halina gharama yoyote. Ukilianza leo, utakuwa na hesabu ya kweli utakapofika hatua ya nne.

Hatua ya 1: Hakiki umri wako kazini na tarehe ya kustaafu

Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, na wa lazima ni miaka 60. Baadhi ya kada, wakiwamo maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vikuu vya umma na madaktari bingwa, wamewekewa umri wa juu zaidi. Kwa mtumishi wa umma, tarehe ya kuzaliwa inayotambuliwa ni ile aliyoandika alipoajiriwa mara ya kwanza. Mtu aliyejaza mwaka 1967 kwenye fomu za ajira, kisha akapata kitambulisho chenye mwaka 1969, asitarajie kuongezewa miaka miwili ya kazi. Atastaafu kwa tarehe ya kwanza, na tofauti hiyo itamchelewesha atakapoanza kufuatilia malipo.

Hatua ya 2: Hesabu miezi ya michango, wala si miaka ya kazi

Sharti la kupata pensheni ya kila mwezi ni kuwa na michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Anayefikia umri wa kustaafu bila kutimiza miezi hiyo hulipwa kiasi kimoja tu na hapati pensheni ya mwezi. Kwa hiyo mtu mwenye miezi 171 anayetamani kuacha kazi mapema ana sababu nzito ya kuvumilia miezi tisa.

Pata taarifa ya michango yako kwenye ofisi ya Mfuko au kupitia huduma zake za simu, kisha ilinganishe na slipu zako mwezi kwa mwezi. Michango yote ni asilimia 20 ya mshahara: katika PSSSF mwajiri hutoa 15 na mtumishi 5, na katika NSSF kwa kawaida kila upande hutoa 10. Mapengo hujitokeza zaidi mahali pa aina tatu: miezi ya mwanzo wa ajira, miezi ya uhamisho kutoka mwajiri mmoja kwenda mwingine, na mwaka 2018, ambapo mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF. Ikiwa uliwahi kuchangia NSSF kabla ya kuingia serikalini, usidhani vipindi hivyo viwili vimeungana vyenyewe. Peleka taarifa za mfuko wa kwanza kwenye mfuko ulipo sasa na uombe vijumuishwe.

Tahadhari: jambo hili lifanye ukiwa bado kazini. Mhasibu anayejua lilipo faili lako naye atastaafu, na mwajiri binafsi aliyekukata michango bila kuipeleka anaweza kufunga kampuni kabla hujamfikia.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya kikokotoo mwenyewe

Kanuni si ngumu. Chukua wastani wa mshahara wako wa mwaka katika miaka mitatu iliyo bora ndani ya miaka kumi ya mwisho, uzidishe kwa idadi ya miezi uliyochangia, kisha ugawanye kwa 580. Jibu ni pensheni yako kamili ya mwaka. Sehemu yake hubadilishwa kuwa mkupuo kwa kuzidishwa mara 12.5, na sehemu inayobaki hugawanywa kwa 12 ili kupata pensheni ya mwezi.

Sehemu inayogeuzwa mkupuo ndiyo iliyozua mjadala mkubwa. Kanuni za 2018 ziliiweka kuwa asilimia 25, zikasitishwa mwishoni mwa mwaka huo huo baada ya malalamiko ya wafanyakazi. Julai 2022 ikawa asilimia 33 kwa wote. Na katika bajeti ya 2024/25 Serikali ikaipandisha kuwa asilimia 40 kwa kundi ambalo zamani lilipata 50, yaani waliokuwa PSPF na LAPF, na asilimia 35 kwa kundi lililokuwa likipata 25. Hii ndiyo sababu watu wawili wenye mshahara sawa hupata fedha tofauti, na ndiyo sababu ya kutokuiga hesabu ya jirani.

Tuchukue mtumishi wa kundi la asilimia 40, mwenye wastani wa mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, sawa na 12,000,000 kwa mwaka, aliyechangia miezi 360. Pensheni yake kamili ya mwaka ni takriban shilingi 7,448,000. Mkupuo wake utakuwa kama shilingi 37,241,000, na pensheni ya mwezi kama shilingi 372,400. Angekuwa katika kundi la asilimia 35, mkupuo ungekuwa kama 32,586,000 na pensheni ya mwezi kama 403,400. Mkupuo ukikua, pensheni hupungua. Wanaodai mkupuo mkubwa mara chache huitaja nusu hii ya pili.

Sasa tuseme mtu huyo wa kundi la kwanza anaondoka akiwa na 55, miezi yake ikiwa 300. Hata tukichukulia kwamba mshahara haukubadilika, pensheni yake ya mwezi itakuwa kama 310,300, na tofauti hiyo ya shilingi 62,000 ataikosa maisha yake yote, mbali na mishahara ya miaka mitano aliyoiacha. Anayestaafu kwa hiari awe na sababu inayozidi uchovu.

Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni kuingiza posho katika hesabu. Kikokotoo hutazama mshahara unaochangiwa, na posho ya nyumba, ya safari au ya madaraka isiyochangiwa haimo, hata kama kwa miaka kumi ndiyo iliyokuwa ikilipa ada za watoto. La pili ni kutegemea cheo cha dakika za mwisho. Kwa kuwa wastani ni wa miaka mitatu, kupandishwa cheo miezi minane kabla ya kustaafu huinua pensheni kidogo tu. Kupandishwa miaka minne kabla huinua kikamilifu. Malimbikizo na madaraja uliyocheleweshewa yafuatilie mapema kwa Ofisa Utumishi.

Hatua ya 4: Ishi kwa pensheni kwa miezi mitatu kabla haijafika

Hatua hii ina faida kuliko nyingine zote katika mwongozo huu, na ni wachache wanaoikubali. Chukua kiasi ulichokipata katika hatua ya 3, tuseme shilingi 372,000, na kwa miezi mitatu mfululizo endesha nyumba kwa kiasi hicho peke yake. Mshahara unaobaki peleka kwenye madeni au akiba.

Mwezi wa kwanza utaonyesha mambo ambayo daftari halikuwa limeyasema. Chakula cha watu wawili kwa kawaida hakiimalizi pensheni. Huimaliza kodi ya pango, ada, mafuta ya gari, vifurushi vya simu na michango ya harusi, misiba na kamati zisizokwisha. Gari hasa litazame upya: mshahara ulipokuwepo halikuonekana, lakini bima, matengenezo na mafuta yake vinaweza kula nusu ya pensheni ya mtumishi wa kati. Kwa michango ya kijamii, weka kiasi maalumu kwa mwezi, kitangaze kwa ndugu bila aibu, na kikiisha subiri mwezi ujao. Kuacha kuchangia kabisa si ushauri mzuri, kwa sababu jamii ile ile ndiyo itakayokuja kwako siku ya shida.

Ikiwa miezi mitatu imepita na kila mwezi umepungukiwa, umepata taarifa ya thamani wakati ungali na uwezo wa kurekebisha.

Hatua ya 5: Maliza madeni, usiingie mengine

Sheria inataka theluthi moja ya mshahara wa mtumishi ibaki bila kukatwa, lakini kanuni hiyo haikulindi dhidi ya mkopo unaouchukua nje ya mshahara. Panga mkopo wa mwisho wa benki ukwishe walau mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Hakikisha pia marejesho yako ya SACCOS na ya mfuko wa chama yamekwisha, na ujue utaratibu wa kuzitoa hisa na akiba zako huko, maana hizo nazo ni fedha za kustaafu ambazo watu huzisahau.

Usimwachie mkopeshaji kadi ya benki na namba ya siri. Mikopo ya kausha damu huwafuata sana watumishi wanaosubiri mafao, na riba yake hukua kila mwezi malipo yanapochelewa.

Hatua ya 6: Amua utaishi wapi, pamoja na mwenza wako

Mtumishi wa umma anayestaafu hulipiwa na mwajiri gharama za kusafiri na kusafirisha mizigo, yeye na familia yake, hadi makazi yaliyoandikwa kwenye kumbukumbu zake. Lakini kulipiwa nauli ya kwenda Songea si sababu ya kuishi Songea.

Uliza kwanza umbali wa hospitali. Mtu mwenye shinikizo la damu au kisukari anahitaji kituo chenye vipimo na dawa kila mwezi. Nyumba nzuri iliyo saa nne kutoka hospitali ya wilaya ni nyumba ghali. Uliza pili nani atakuwa karibu. Ukiwa umekaa Mwanza miaka 28, marafiki zako, kanisa au msikiti wako na watu wanaokukopesha chumvi wako Mwanza. Uliza tatu ardhi ni ya nani. Shamba la familia lililotunzwa na mdogo wako kwa miaka 20 halitakuwa tupu likikusubiri, na ni vyema kikao cha ukoo kifanyike kabla hujafika na lori la mizigo.

Mwenza wako aulizwe mapema. Wanaume wengi hupanga kurudi kijijini kwao, na wake zao husikia habari hiyo mwezi wa mwisho. Kwa mke, kule ni kuanza maisha ugenini akiwa na miaka 58, mbali na watoto na vikundi vyake. Njia ya kati ipo: kukaa kwenye mji mdogo ulio karibu na nyumbani, ambako pango na chakula ni nafuu na hospitali ipo.

Ujenzi ukamilike ukiwa na mshahara. Nyumba isiyo na kodi ni sawa na nyongeza ya pensheni, lakini jengo la vyumba sita lililoishia kwenye lenta humeza mkupuo na bado halilaliki. Vyumba viwili, choo, jiko na maji vinatosha kuhamia.

Hatua ya 7: Pangia mkupuo kazi kabla haujaingia

Andika mgawanyo kwenye karatasi, utie saini wewe na mwenza wako. Utaratibu unaofaa wengi ni huu: kwanza madeni yaliyobaki, pili akiba ya dharura ya matumizi ya miezi sita, tatu ada za watoto ambao bado wanasoma, zikae akaunti ya peke yake, nne uwekezaji unaoleta kipato bila kukudai nguvu, na mwisho, kama kimebaki kitu, biashara.

Mkupuo ukishaingia, usifanye uamuzi wowote mkubwa kwa siku 90. Uweke mahali salama panapotoka fedha kwa urahisi, kwa mfano Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni inayoendesha mifuko ya uwekezaji wa pamoja, au akaunti ya muda mfupi ya benki. Kwa kipato cha muda mrefu, hatifungani za Serikali, yaani mkopo unaoipa Serikali nayo ikakulipa riba, zinafaa: huuzwa na Benki Kuu kwa minada, kiwango cha chini ni shilingi 1,000,000, huombwa kupitia benki au madalali wa soko la hisa, na riba hulipwa mara mbili kwa mwaka. Ukiwa na hatifungani ya shilingi 15,000,000 yenye riba ya asilimia 12, utapata 900,000 kila miezi sita. Muda wa hatifungani uupime na umri wako. Ya miaka 25 kwa mtu wa miaka 60 ni urithi zaidi kuliko kipato, na ukitaka kuiuza kabla ya kukomaa utategemea bei ya soko. Vipande vya mifuko ya uwekezaji ni rahisi zaidi kuviuza, ila thamani yake huweza kushuka, na anayekuahidi vinginevyo hasemi kweli.

Kuhusu biashara, kanuni ni moja: usianze baada ya kustaafu kitu ambacho hukukifanya kabla. Mwenye kuku 50 akiwa kazini anaweza kuongeza hadi 300 kwa sababu ameshakutana na mdondo, bei ya chakula na wanunuzi wasiolipa. Anayeanza na kuku 1,000 kwa fedha ya mkupuo anakutana na vyote hivyo kwa mpigo. Matikiti ya kwenye makaratasi, ambayo ekari moja huleta mamilioni kila msimu, hayana ukame wala madalali. Na mpango wowote unaolipa wa zamani kwa fedha za wapya ni upatu. Waliopanda fedha DECI, mpango wa aina hiyo, kabla Serikali haijausimamisha mwaka 2009 walikuwamo walimu na wastaafu wenye akili timamu kabisa.

Hatua ya 8: Afya, wosia na notisi

Ukiwa bado na bima ya kazini, fanya vipimo vyote: damu, sukari, macho, meno, na tezi dume au saratani ya matiti na shingo ya kizazi. Mwanachama mchangiaji wa NHIF, mfuko wa Taifa wa bima ya afya, anayestaafu huendelea kuhudumiwa, yeye na mwenza wake, kwa masharti ya mfuko huo. Watoto hawamo, hivyo wa kwako wanaosoma watafutie bima mapema. Wosia uandike na kuuhifadhi kwa wakili au RITA, wakala wa Serikali wa usajili na udhamini, ambayo hutoa huduma hiyo.

Miezi sita kabla ya tarehe, wasilisha notisi kwa mwajiri kwa maandishi na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Jalada lako la mwanzo ndilo utakalolitumia sasa. Fuatilia hadi ujue siku ambayo nyaraka zilitoka kwa mwajiri kwenda kwenye Mfuko, kwa kuwa malipo mengi yanayosemwa kuchelewa huwa hayajafika kwenye Mfuko kabisa.

Mambo yakikwama

*Majina yanatofautiana.* Barua ya ajira inasema Mwanahamisi, NIDA inasema Hamisa. Apa kiapo kwa wakili au mahakamani, na urekebishe taarifa za NIDA, benki na Mfuko zilingane. Usisubiri fomu ya mafao irudishwe.

*Michango ina mapengo.* Peleka slipu za miezi hiyo kwenye ofisi ya Mfuko na uombe uthibitisho kwamba dai lako limepokelewa. Slipu inayoonyesha makato ni ushahidi kwamba mwajiri alikata. Kudai fedha hiyo kwa mwajiri ni kazi ya Mfuko.

*Mtu amepiga simu akisema anatoka kwenye Mfuko au Hazina na anataka fedha ili faili lako lisogezwe.* Ni tapeli, hata kama anajua jina lako, shule uliyofundisha na tarehe uliyostaafu. Mafao hayalipiwi. Kata simu, kisha wasiliana na ofisi ya Mfuko kwa namba rasmi.

*Pensheni imesimama ghafla.* Mara nyingi hukuhakikiwa kwa wakati, yaani kuthibitisha kwamba u hai, au akaunti yako imelala. Kama simu haitambui sura yako au vidole vilivyochakaa kwa jembe havisomeki, nenda ofisini na kitambulisho; usimtume mtoto.

*Mkupuo umekwisha na mradi umekufa.* Usikope kwa dhamana ya pensheni ili kuufufua. Uza vifaa vilivyobaki hata kwa hasara, pangisha chumba kimoja au viwili, na urudie jaribio la hatua ya nne, safari hii likiwa bajeti halisi. Mwalimu anaweza kufundisha masomo ya ziada, muuguzi anaweza kuajiriwa kwa mkataba na zahanati, na mhasibu anaweza kuandika hesabu za maduka matatu ya mtaani. Hizo ni kazi zisizodai mtaji, na zingefaa kufikiriwa kabla ya kuku.

*Mstaafu amefariki.* Familia itoe taarifa kwenye Mfuko mapema na isiendelee kuchukua fedha zinazoingia kwenye akaunti, kwa sababu zitadaiwa. Itahitajika cheti cha kifo, vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vya watoto, pamoja na nyaraka za msimamizi wa mirathi pale zinapotakiwa. Kwa hiyo mwonyeshe mwenza wako leo mahali lilipo jalada.